Tuwaulize Madereva Wetu



Mtu akija zahanati na kusema ana homa, mganga hampi dawa papo hapo. Kwanza humwuliza. Homa imeanza lini? Unatapika? Unalala ndani ya chandarua? Kisha humtoboa kidole na kupima damu. Akishaona kipimo ndipo anapojua kama ni malaria au ni ugonjwa mwingine. Mganga anayetoa dawa bila kuuliza na bila kupima anabahatisha tu.

Barabarani sisi sote tunabahatisha. Pikipiki ikianguka watu hukusanyika, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anasema, "Vijana wa bodaboda ni wahuni." Yule anasema, "Wanyang'anywe pikipiki." Mzee mmoja anasema siku ya mtu ikifika imefika. Majeruhi akishapakiwa, watu hutawanyika. Kesho yake mambo ni yale yale. Hakuna aliyeuliza wala aliyepima.

Somo letu la leo linahusu kuuliza na kupima. Tutajifunza jinsi wanakijiji wenyewe wanavyoweza kuchunguza mawazo na mazoea ya madereva wao. Mawazo ni yale dereva anayoyaamini. Mazoea ni yale anayoyafanya kila siku. Mambo haya mawili si kitu kimoja, na humo ndimo lilimo somo.

AJALI NI JAMBO LA AFYA

Pengine utauliza: Ukurasa wa afya una uhusiano gani na pikipiki? Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inasema kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakienda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, kama tunavyokwenda sisi. Taarifa hiyo inasema pia kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Huo ni umri wa mtoto anayevuka barabara kwenda shule, na wa kijana anayemlisha mama yake.

Sisi tunaofanya kazi ya tiba vijijini tunaijua habari hiyo bila kusoma taarifa. Tunashona vichwa. Tunafunga miguu iliyovunjika kwa vipande vya mbao. Tunaosha vidonda vya kuungua kwenye mguu vilivyotokana na bomba la moshi.

Hapa Majimoto barabara ina watu wa kila aina. Mji wetu umepata jina kutokana na chemchemi za maji ya moto, lakini wageni wengi siku hizi wanaujua kwa mpunga. Wakati wa mavuno Fuso huja kupakia magunia. Pawatila hutoka mashambani zikivuta tela. Mikokoteni ya ng'ombe hurudi jioni, nayo haina taa. Wafugaji huvusha mifugo. Katikati ya hao wote hupita bodaboda, akiwa na abiria, gunia, au vyote viwili. Kiangazi kuna vumbi, na gari likitangulia huoni mbele. Masika kuna utelezi.

Jina la bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Watu walivushwa mpaka kwa baiskeli, na waendeshaji waliwaita abiria wakisema "boda, boda", neno lililotokana na jina la mpaka kwa Kiingereza. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli. Hapa Tanzania, kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki zilitungwa mwaka 2010. Zinataka dereva na abiria wavae kofia ngumu, na abiria awe mmoja tu.

Kwa hiyo sheria tunayo. Mbona hatuifuati? Hilo ndilo la kuchunguza.

KILA DEREVA HUJIONA HODARI

Ukimwuliza dereva, "Je, wewe ni dereva mzuri?" unapoteza muda wako. Mwaka 1981 mtaalamu wa Sweden aitwaye Ola Svenson alitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Aliwauliza madereva wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha. Kati ya kila Wamarekani 100, 93 walijiweka katika nusu iliyo bora. Kwa Waswidi walikuwa 69 katika kila 100.

Fikiri kidogo. Ukipanga watu 100 kwa mstari kuanzia hodari hadi dhaifu, nusu iliyo bora ni watu 50 tu. Haiwezekani wawe 93. Basi wengi walijidanganya. Hawakuwa waongo, ila kila mtu anayakumbuka makosa ya mwenzake kuliko ya kwake. Nenda kijiweni leo, uliza nani anaendesha vibaya. Utatajiwa vijana wa kijiwe kingine.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi mzuri hauulizi sifa. Unauliza vitendo. Na hauulizi vitendo vya "kwa kawaida", kwa maana kwa kawaida sisi sote ni watu wema. Unauliza vitendo vya siku saba zilizopita.

KUTELEZA NA KUVUNJA SHERIA

Mwaka 1990 huko Uingereza, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye James Reason na wenzake wa Manchester walitoa uchunguzi mwingine. Waliwapa madereva 520 karatasi yenye maswali 50 kuhusu mambo wanayoyafanya wakiwa barabarani. Walipoyachambua majibu waliona kwamba makosa ya madereva si ya aina moja.

Kuna makosa ya kuteleza. Dereva hakukusudia. Alidhani daraja liko mbele zaidi. Alifikiri gari linalokuja liko mbali. Alibana breki ya mbele kwenye mchanga kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Halafu kuna makosa ya kukusudia. Dereva anajua kwamba hairuhusiwi, naye anafanya. Anabeba mshikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma yake. Anapita katikati ya mji kwa mwendo wa kasi. Anaendesha baada ya kunywa pombe. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba makosa ya kukusudia hufanywa zaidi na vijana, na zaidi na wanaume.

Kwa nini tunatofautisha? Kwa sababu dawa zake ni mbili. Anayeteleza anahitaji mafunzo. Anayekusudia hahitaji kufundishwa anachokijua tayari. Huyo ana sababu yake, nasi tunapaswa kuijua sababu hiyo. Ukimpa mafunzo mtu asiyeyahitaji umempa dawa ya minyoo mgonjwa wa malaria. Atainywa, atakushukuru, na homa itaendelea.

Mimi mwenyewe ni kijana wa rika lao, nami silipendi neno "wahuni". Neno hilo linafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

NANI AULIZE, NA AULIZWE NANI

Atakayeuliza asiwe polisi, mgambo, wala mwenye pikipiki. Asiwe pia mtu anayekusanya ushuru. Mbele ya watu hao dereva atatoa majibu ya kujilinda. Anafaa mwanakikundi wa kisomo anayeweza kuandika, au mhudumu wa afya wa kijiji, au mwalimu kijana. Wawe wawili wawili, mmoja aulize na mwingine aandike.

Jina la dereva lisiandikwe. Namba ya pikipiki isiandikwe. Mwambie mapema: "Kaka, sitaki jina lako. Tunataka kujua mambo yalivyo ili tusaidiane." Kisha tekeleza ulichoahidi. Majibu ya dereva mmoja yakivuja hadi kwa trafiki au kwa tajiri wake, uchunguzi umekwisha. Mwaka ujao hakuna atakayesema kweli.

Na nani aulizwe? Mnunuzi wa mpunga hafungui magunia yote. Huchoma bambo na kuangalia punje zinazotoka. Lakini mnunuzi mjanja hachomi juu tu, maana muuzaji anaweza kuweka mpunga mzuri juu na makapi chini. Huchoma juu, katikati na chini. Nawe fanya hivyo. Usiwaulize rafiki zako peke yao. Usiwaulize wale wa kijiwe cha sokoni tu ukawaacha wanaokwenda Mamba na Kibaoni. Usiwaache wanaofanya kazi usiku, kwa kuwa usiku una hatari zake. Kama madereva wote ni 30 au 40, waulizeni wote. Kama ni wengi sana, andikeni orodha ya vijiwe vyote, halafu kila kijiwe mmwulize kila dereva wa tatu kwa jinsi walivyopanga foleni.

Wakumbukeni pia waendesha pawatila na wenye mikokoteni. Nao ni madereva. Mkokoteni usio na taa wala kipande cha bati kinachong'aa nyuma yake unaweza kuua usiku kama gari linavyoua.

MASWALI YENYEWE

Maswali yasiwe mengi. Dereva anangoja abiria, na abiria akitokea ataondoka. Haya yanatosha kwa kuanzia:

1. Umeendesha kwa miaka mingapi, na nani alikufundisha?
2. Pikipiki ni yako, au unapeleka hesabu kwa mwenyewe? Hesabu ni kiasi gani?
3. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulivaa kofia ngumu tangu kutoka hadi kurudi?
4. Katika siku hizo saba, mara ngapi ulibeba mshikaki? Ilikuwa kwa sababu gani?
5. Mara ya mwisho kukoswakoswa na ajali ilikuwa lini, na ilikuwaje?
6. Ukikataa mshikaki, wenzako kijiweni watasemaje?
7. Abiria wako hukuambia punguza mwendo, au hukuambia ongeza?
8. Mahali gani katika barabara zetu panakutisha?
9. Ukimkuta mtu ameanguka na hasemi, utafanya nini kwanza?

Nitaeleza machache kati ya hayo.

Swali la pili ni la fedha, na watu wengi huliacha. Wanadhani fedha si habari ya usalama. Lakini kijana anayepeleka hesabu kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, huanza siku akiwa na deni. Ikifika saa 10 jioni hesabu haijatimia, wakija abiria wawili wanaokwenda njia moja, unafikiri atamwacha mmoja? Atawapakia wote na kukimbia ili awahi wengine. Hapo mwenye kuvunja sheria ni dereva, lakini anayemsukuma amekaa nyumbani kwake. Majibu yakionyesha kwamba wanaobeba mshikaki ni wale wenye hesabu kubwa, basi mkutano uwaite wenye pikipiki. Pengine wakikubali kupunguza hesabu siku za mvua, vichwa vitapona. Sisemi kila mwenye pikipiki ni mkali. Nasema tuulize.

Swali la tano lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Ajali zenyewe si za kila siku, lakini kukoswakoswa hutokea mara nyingi. Dereva aliyekoswa na ng'ombe jana anajua jambo ambalo maiti hawezi kutueleza. Mwache asimulie. Andika mahali, saa, na kitu kilichotaka kumgonga. Madereva watano wakitaja kona ile ile, nendeni mkaitazame kona hiyo. Huenda majani yamefunga njia, na kazi ya kuyafyeka ni ya asubuhi moja. Kama ni shimo au daraja bovu, pelekeni habari kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS.

Swali la sita linapima kitu kisichoonekana, yaani aibu. Vijana wengi huendesha wanavyotaka kuonwa na wenzao. Kama kijiweni anayevaa kofia huchekwa na kuitwa mwoga, basi kofia haitavaliwa hata ikigawiwa bure. Lakini kama kila mmoja anasema, "Mimi nisingemcheka," basi wote wanaogopa kicheko ambacho hakipo. Nimeona vijana wakishangaa sana wanapoambiwa jambo hilo.

MACHO YAPIME MASIKIO

Sasa kipimo cha pili. Baada ya kuuliza, kaeni kando ya barabara mhesabu.

Chagueni mahali ambapo pikipiki nyingi hupita. Kaeni saa moja asubuhi na saa moja jioni, na siku ya gulio mkae tena. Kila pikipiki ipitayo, chora kijiti kimoja. Ikifika ya tano, kata vile vijiti vinne kwa mstari. Hivyo utahesabu kwa tano tano bila kuchanganyikiwa. Weka safu nne: dereva amevaa kofia, abiria amevaa kofia, mshikaki, kofia ipo lakini haikuvaliwa.

Safu ya mwisho ni muhimu. Kuna kofia zinazotundikwa kwenye usukani, au kwenye mkono kama kikapu cha sokoni, zikingoja trafiki aonekane. Kuna nyingine zimevaliwa lakini kamba haikufungwa. Kofia ya namna hiyo hutangulia kuruka, na kichwa hufuata kikiwa kitupu.

Msikae na makaratasi makubwa ya kuonekana. Habari zitafika kijiweni kabla chai yenu haijapoa, na kila mtu atapita amevaa kofia. Kaeni kibandani kama watu wengine. Huko si kuwavizia, kwa sababu hamwandiki jina wala namba ya mtu.

Sasa linganisheni. Tuseme mliwauliza madereva 40, na 32 walisema walivaa kofia siku zote saba. Hao ni 80 katika kila 100. Kisha mlihesabu pikipiki 40 barabarani, na madereva 12 tu walikuwa wamevaa. Hao ni 30 katika kila 100. Hizi ni hesabu za kujifunzia tu, zenu zitakuwa nyingine. Lakini tazama pengo lililopo kati ya 80 na 30. Pengo hilo linatuambia kwamba madereva wanajua kabisa jibu lililo sahihi. Wasingejua, wasingelisema. Basi mkiitisha semina ya kuwaambia kwamba kofia ni muhimu, mtakula chakula cha semina na barabara itabaki ilivyo.

Kama mngepata 30 kwa maneno na 30 kwa macho, mambo yangekuwa tofauti. Hapo ingewezekana kwamba hawaamini faida ya kofia, na mafunzo yangekuwa na kazi. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Habari hiyo ingefaa kusomwa kijiweni kwa sauti.

Lakini pengo likiwapo, rudini mkaulize tena: Unajua inafaa, kwa nini huivai? Mtasikia mambo madogo madogo. Joto. Jasho. Kofia ya abiria inanuka. Mama amesuka nywele hataki ziharibike. Mwingine anaogopa kuambukizwa mba au mashilingi ya kichwani. Hayo si maneno ya kipuuzi, yana dawa. Abiria aweke kitambaa chake safi kichwani kwanza, ndipo avae kofia. Dereva aifute kofia kwa ndani na kuianika juani kila siku. Kofia iliyopasuka au iliyokwisha kupata ajali kubwa itupwe, kwa kuwa nguvu yake imekwisha hata kama kwa nje inaonekana nzima.

HESABU YA MWENDO

Mwendo hauwezi kupimwa kwa macho, lakini dereva akikuambia mwendo wake mnaweza kupiga hesabu pamoja naye. Mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni kilometa 1 kwa dakika. Kilometa 1 ni mita 1,000, na dakika 1 ni sekunde 60. Gawanya 1,000 kwa 60. Unapata karibu mita 17 kwa kila sekunde.

Ndama akitokea ghafla, hupita kama sekunde moja kabla mkono haujaanza kubana breki. Katika sekunde hiyo pikipiki imekwenda mita 17, na breki bado haijaguswa. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa ingekwenda mita 8 hivi. Isitoshe, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Pimeni mita 17 kwa kamba pale pale kijiweni, mwiteni dereva asimame mwisho wake. Kamba husadikika kuliko hotuba. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na katika maeneo ya makazi mwendo haupaswi kuzidi kilometa 50 kwa saa.

ABIRIA NAYE NI DEREVA

Swali la saba linamhusu abiria, na mfano mzuri unatoka kwa jirani zetu. Mwaka 2008 nchini Kenya, wataalamu wawili, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu zaidi ya 2,000. Hawakuwafundisha madereva. Walibandika ndani ya baadhi ya matatu karatasi zenye maneno na picha za kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Matatu nyingine hazikubandikwa kitu. Madereva waliotunza karatasi hizo waliingizwa katika bahati nasibu.

Kisha hawakuwauliza madereva, "Je, mmebadilika?" Walikwenda kwenye makampuni ya bima wakahesabu madai ya ajali. Katika matatu zenye karatasi, madai yalipungua kwa kiasi cha nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi lilifuata kwa jina la "Zusha", na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba madai yalipungua kwa asilimia 25 hadi 33. Karatasi ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na mguu wa mtu.

Kwenye pikipiki abiria yuko peke yake, hana wenzake wa kumwunga mkono. Mama mjamzito anayewahi kliniki atasema nini, na dereva ndiye tegemeo lake? Kwa hiyo yafaa kijiwe chenyewe kikubali maneno mawili au matatu ambayo abiria yeyote anaweza kuyasema bila kugombana. Kwa mfano, "Kijana wangu, tufike salama, sina haraka." Dereva naye ajue kwamba akiambiwa hivyo hajatukanwa. Na abiria wenye tabia ya kusema, "Kimbiza, nitakuongezea nauli," nao waandikwe katika hesabu. Uchunguzi mwingine huwarudia wenye kuuliza.

UKIMKUTA AMEANGUKA

Swali la tisa ni mtihani. Jibu lake ni hili. Kwanza zuia vyombo vingine visije vikawagonga nyote. Mwite majeruhi, tazama kama anapumua. Kama damu inatoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi, ushikilie kwa nguvu bila kufunuafunua. Usimvute mkono wala kumkalisha, kwa sababu shingo inaweza kuwa imevunjika. Watu wanne wamwinue kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango. Usimpe maji wala chakula. Tafuta gari.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni kumweka majeruhi kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mtu mwingine, shingo ikining'inia. Watu hufanya hivyo kwa huruma. Mtu aliyekuwa atembee tena anaweza kupooza njiani.

Na aliyegonga kichwa akiinuka na kusema, "Niko sawa," asiachwe alale peke yake. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au akitokwa na damu au majimaji sikioni, aletwe kwa mganga usiku huo huo.

MAJIBU YAPELEKWE WAPI

Kwanza yarudi kijiweni. Madereva ndio wenye majibu, basi wayasikie kabla ya mkutano wa kijiji. Someni hesabu, si hukumu. "Tulihesabu pikipiki kadhaa, wenye kofia walikuwa kadhaa." Kisha nyamazeni, muwaache wao waseme. Baadaye ndipo mkutano wa kijiji uletewe mambo mawili au matatu yanayotekelezeka, na kila jambo liwe na mtu wa kulisimamia: kona ya kufyekwa, wenye pikipiki wa kuzungumza nao, taa au bati la kung'aa nyuma ya kila mkokoteni.

Itunzeni ile karatasi ya vijiti. Baada ya miezi mitatu kaeni tena mahali pale pale, saa zile zile, mhesabu upya. Msihesabu mara ya kwanza wakati wa kilimo na mara ya pili wakati wa mavuno, kwa maana barabara ya mavuno si ile ya kilimo na hesabu zitawadanganya.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, nani anafaa kuwauliza madereva wakamwamini? Nani hafai?
2. Dereva amesema huvaa kofia siku zote, nanyi mmemwona bila kofia. Je, mtamwambia? Toeni sababu.
3. Pikipiki 50 zimepita na 15 kati yake zimebeba mshikaki. Ni ngapi katika kila 100?
4. Kati ya makosa mliyoyaona wiki hii barabarani, yapi ni ya kuteleza na yapi ni ya kukusudia?
5. Pimeni mita 17 kutoka mlango wa darasa lenu. Kamba imefika wapi?